Programu ya 3D inakataa kufunguka, picha nazo zinatoka za njano au hazifunguki kabisa: naomba msaada

Rangi_Tupu

Wakuu, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani, Windows 10 ya biti 64, RAM GB 16, na kadi ya grafiki ya kuchomeka yenye GB 4. Diski ilikufa, ikawekwa mpya, Windows ikasakinishwa upya. Tangu hapo kazi zangu za picha zimesimama.

Blender, programu ninayotengenezea picha za 3D, inasakinishwa mpaka mwisho bila neno. Ukiifungua inatoa kisanduku kwamba inahitaji kadi na draiva yenye OpenGL 4.3 au zaidi (OpenGL ni lugha ambayo programu inatumia kuiagiza kadi ichore), kisha inajifunga. Kadi ni hii hii, na kabla diski haijafa ilikuwa inaiendesha Blender hiyo hiyo.

Programu nyingine ninayotumia kupanga picha inasema VCRUNTIME140_1.dll haipo. Nimeiondoa na kuirudisha, jibu halibadiliki.

Halafu picha zenyewe. Nikizifungua kwenye Photos, sehemu nyeupe zinaonekana za njano kama karatasi iliyosahauliwa juani. Picha ile ile kwenye programu nyingine ni nyeupe safi. Na kuna picha nilizotumiwa na mteja kutoka kwenye simu yake, majina yake yanaishia .jpg kabisa, lakini hazifunguki popote.

Nimeambiwa nifute kila kitu nisakinishe Windows tena. Kazi ya mteja iko mkononi, kwa hiyo naomba mwenye kujua anielekeze kabla sijafika huko.

Fundi_Pole

Mkuu, usifute Windows. Ukifuta utarudi hapa hapa, maana hiyo Windows mpya ndiyo iliyokuja bila vitu ambavyo ile ya zamani ilikuwa imeshavikusanya.

Una matatizo manne na kila moja lina mahali pake. Picha mpaka ifike machoni pako inapita kwenye faili lililo diskini, programu inayolisoma, maktaba (mafaili ya msaada) ambazo programu hiyo inazitegemea, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi), kadi, kebo, na mwisho skrini. Watu wengi wanaishika programu kwa sababu ndiyo inayoonekana. Wanaiondoa na kuirudisha mpaka wanachoka, na kumbe ubovu uko pengine kabisa. Kazi ya kwanza ni kujua umekaa wapi, kurekebisha kunafuata.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho naona hakitumiki vya kutosha. Picha ikionekana vibaya, piga skrinshoti, ihamishie kwenye simu, iangalie huko. Ubovu ukiuona na kwenye simu, ujue umetokea kabla picha haijatoka kwenye kompyuta, yaani kwenye faili, programu, profaili ya rangi au draiva. Skrinshoti ikiwa safi, hamia kwenye kebo na mipangilio ya skrini yenyewe. Angalia pia Night light ya Windows, ambayo inaipaka skrini umanjano lakini haiingii kwenye skrinshoti.

Fanya hivyo kwa ile ya Photos. Kisha bofya Start kwa kitufe cha kulia, fungua Device Manager, panua Display adapters, uninakilie jina lililopo hapo neno kwa neno. Na uchungulie nyuma ya kompyuta: kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi, au kwenye matundu ya bodi kuu yaliyo karibu na USB? Ikiwa ni kwenye bodi kuu, skrini yako inaendeshwa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na kadi inaweza kuwa imekaa bure.

Rangi_Tupu

Asante sana Fundi. Kebo iko kwenye kadi. Device Manager inasema "Microsoft Basic Display Adapter". Skrinshoti nimeitazama kwenye simu, umanjano umo vile vile.

Fundi_Pole

Basi la Blender tumelipata.

Hiyo Basic Display Adapter ni draiva ya dharura. Windows inaitumia isipoipata draiva halisi ya kadi, ili angalau uone kitu kwenye skrini. Haijui kuituma kadi yako kazi yoyote ya maana. Programu ikiuliza OpenGL, inajibiwa na ile ya ndani ya Windows, toleo 1.1, la mwaka 1997, na hesabu zote zinabebwa na prosesa. Blender kuanzia toleo 4.0, lililotoka Novemba 2023, inadai 4.3, ambayo ni ya 2012. Kisanduku kile kinakueleza pengo hilo na hakina zaidi. Blender yako ni nzima na kadi yako ni nzima.

Sasa tafuta draiva. Kama huikumbuki kadi ni ya aina gani, bofya mara mbili jina lile kwenye Device Manager, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari wenye VEN_ na DEV_. Ukisoma VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD, VEN_8086 ni Intel. Zile herufi nne baada ya DEV_ ndizo zinazoitaja kadi yenyewe. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji huyo huyo, uchague toleo la Windows yako na biti zake.

Nakuomba sana usiguse zile programu zinazojitangaza kwamba zinasasisha draiva zote kwa bofyo moja. Nimeshasafisha kompyuta za watu zilizowekewa draiva ya kadi nyingine kabisa kwa njia hiyo, na kazi ya kuziondoa inachosha kuliko kazi yenyewe ya kuweka iliyo sahihi. Kama kuna mabaki ya draiva ya zamani yanayoleta ugomvi, kuna chombo kinaitwa Display Driver Uninstaller. Kiendeshe ukiwa Safe Mode, na intaneti ukiwa umeikata ili Windows isikuwekee draiva nyingine katikati ya kazi.

Kamba_Mbili

Hiyo ya VCRUNTIME ni ndogo tu mkuu. Tafuta hilo faili la dll mtandaoni, lipakue, liweke kwenye System32, washa upya. Imekwisha.

Siti_wa_Kodi

Kaka Kamba_Mbili, naomba kupinga, na ninapinga kwa nguvu kwa sababu ushauri huu unaumiza watu.

Kwanza, hujui nani amelipandisha faili hilo na ameliongezea nini. Unalichukua kutoka kwa mtu usiyemjua na kuliweka mahali panapoaminiwa na kila programu kwenye kompyuta. Pili, hata likiwa safi, kuna suala la biti. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 inabeba maktaba za biti 64, na zile za biti 32 zinakaa SysWOW64. Majina yanamdanganya mtu, lakini ndivyo ilivyo. Ukiweka la biti 32 kwenye System32, programu itaacha kulalamika kwamba faili halipo na itaanza kutoa 0xc000007b. Hapo mtu anapotea kabisa, maana namba hiyo haitaji faili lolote.

Dada au kaka Rangi_Tupu, faili hilo ni sehemu ya Visual C++ Redistributable ya Microsoft, kifurushi cha maktaba ambazo programu nyingi zinazitegemea. Na angalia hiyo _1 mwishoni. VCRUNTIME140.dll imekuwepo tangu kifurushi cha 2015, lakini VCRUNTIME140_1.dll ilikuja na cha 2019, kwa programu za biti 64. Kwa hiyo inawezekana kifurushi unacho tayari, ila ni cha zamani, na ndiyo maana kuisakinisha upya programu yako hakusaidii: inakuta "kipo" na inapita. Vifurushi vya 2015, 2017, 2019 na 2022 vimeunganishwa kuwa kimoja, kwa hiyo pakua kipya kabisa kutoka tovuti ya Microsoft. Weka cha x64 na cha x86 vyote viwili, kwa sababu hata kwenye Windows ya biti 64 utakuwa na programu za biti 32. Washa upya kisha ujaribu.

Kijiti

Samahani kwa kuingilia, tatizo langu ni jirani. Nina faili la .msi la programu ya kuchora, linafika karibu na mwisho kisha linarudi nyuma na kufuta kila kitu. Namba ni 1603. Nimezima antivairasi, wapi.

Siti_wa_Kodi

Kijiti, washa antivairasi yako kwanza. 1603 ni namba ya jumla, inasema tu kwamba kuna kitu kimeshindikana. Chanzo kinaandikwa kwenye kumbukumbu za usakinishaji, ambazo usipoziomba huzipati. Fungua Command Prompt kama msimamizi, ingia kwenye folda yenye faili lako, andika:

msiexec /i programu.msi /l*v C:\Users\Public\kumbukumbu.txt

Iache ishindwe. Kisha fungua hilo faili la maandishi, tafuta maneno Return value 3, usome mistari iliyo juu yake. Faili litakuwa refu mno, usiogope. Mistari michache juu ya maneno hayo ndiyo unayoihitaji. Ukikutana na 1618 badala ya 1603, hiyo maana yake kuna usakinishaji mwingine unaendelea, subiri uishe au washa upya.

Kijiti

Juu ya Return value 3 kuna Error 1303, kwamba haina ruhusa kwenye folda D:\Kazi\Programu. Lakini mimi folda hiyo naingia na kuandika nitakavyo, na akaunti yangu ni ya msimamizi.

Siti_wa_Kodi

Hapo ndipo penyewe. Faili la .msi halisakinishwi kwa jina lako. Linasakinishwa na huduma ya Windows Installer, inayotumia akaunti ya SYSTEM. Wewe una ruhusa kwenye folda hiyo, SYSTEM hana. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Security, umwongeze SYSTEM na umpe Full control. Au iache programu ikae C:\Program Files kama inavyopendekeza yenyewe.

Rangi_Tupu

Narudi na habari njema. Draiva imeingia, Device Manager sasa inataja jina la kadi, Blender imefunguka. Kifurushi cha Visual C++ nimeweka vyote viwili na ile programu ya kupanga picha inafanya kazi. Mungu awabariki.

Lakini Blender imeniletea jingine. Nikiwa natengeneza, kila kitu kinaonekana vizuri, vyombo vinang'aa na vina mwanga. Nikibonyeza F12 nipate picha kamili, inatoka giza karibu tupu. Draiva tena?

Fundi_Pole

Hapana, draiva sasa ipo sawa. Juu kulia kuna vitufe vya mviringo vinavyobadilisha namna ya kuona. Naamini uko kwenye Material Preview. Hali hiyo inamulikia vitu vyako kwa picha ya mazingira iliyokuja na Blender, ili uone malighafi zinavyokaa. Mwanga huo haumo kwenye kazi yako. F12 inatumia taa ulizoziweka wewe, na kama hujaweka hata moja, unapata kile ulichokiona. Badili kwenda Rendered na utaliona giza hilo hilo kabla hata ya F12. Weka taa, au weka picha ya mazingira kwenye World. Ukishaweka taa na bado ni giza, angalia orodha ya vitu upande wa kulia: alama ndogo ya kamera mbele ya taa ikiwa imezimwa, taa hiyo haihesabiwi kwenye picha ya mwisho.

Rangi_Tupu

Ni kweli, sikuwa na taa. Nimeweka, picha imeanza kutoka, kisha ikakatika na maneno System is out of GPU memory. Faili zangu za picha za kuvisha vitu ni ndogo, nyingi hazifiki MB 5. Zinawezaje kuijaza kadi ya GB 4?

Fundi_Pole

Swali zuri sana, na jibu lake linaeleza mengi. JPEG ni ndogo kwa sababu imebanwa. Ikiingia kwenye kadi inafunguliwa pikseli moja moja, na kila pikseli inachukua baiti 4. Picha ya 4096 kwa 4096 ni pikseli 16,777,216, zidisha kwa 4, unapata MB 64. Haijalishi diskini ilikuwa MB 3 au MB 30. Ukienda 8192 kwa 8192 inakuwa MB 256 kwa picha moja. Na kitu kimoja mara nyingi kinavaa picha nne: rangi, ukwaruzo, mwinuko, na mng'ao. Vya 8192, hiyo ni GB 1 kwa kitu kimoja tu.

Nenda kwenye Render Properties, washa Simplify, na kwenye Texture Limit weka 2048. Kila picha kubwa itashushwa mpaka MB 16, na kwa kitu kilicho mbali na kamera hutaona tofauti. Njia nyingine ni kubadilisha Device iwe CPU. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini itatumia RAM yako ya GB 16 badala ya GB 4 za kadi.

Ukingo

Fundi, na mimi skrini inazima wakati wa render (kutoa picha ya mwisho), inarudi baada ya muda mfupi, programu imejifunga. Ni kadi imekufa?

Fundi_Pole

Si lazima. Windows ina mlinzi anayeitwa TDR. Kadi ikishindwa kujibu kwa sekunde 2, anaiwasha upya draiva, na programu iliyokuwa inaitumia inaanguka. Kadi ikipewa kazi nzito kwa mkupuo mmoja inaweza kuchelewa namna hiyo ikiwa nzima kabisa. Anza na draiva mpya na uangalie joto. Ukiona vijiraba vya rangi ya waridi au kijani hata bila kazi nzito, tena vinaingia kwenye skrinshoti, hapo ndipo nianze kuishuku kumbukumbu ya kadi.

Siti_wa_Kodi

Umanjano umeachwa, naomba niushike.

Skrini yako ina profaili ya rangi, faili dogo linaloieleza Windows skrini hii inatoaje nyekundu, kijani na bluu. Photos inaitii profaili hiyo na inarekebisha rangi kwa kuifuata. Ile programu yako nyingine haiisomi kabisa. Profaili ikiwa mbovu, programu inayotii ndiyo inayoonekana imekosea, na isiyotii inaonekana sahihi. Ndiyo maana watu wanailaumu programu iliyo makini zaidi kati ya hizo mbili.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika colorcpl. Kwenye Devices chagua skrini yako, weka tiki Use my settings for this device. Ongeza sRGB IEC61966-2.1 na uifanye kuwa ya msingi. Funga Photos na uifungue tena. sRGB iliasisiwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na skrini nyingi za kawaida ziko karibu nayo, kwa hiyo ni mahali salama pa kusimama. Kama unafanya kazi za kuchapishwa, usiishie hapo. Tafuta kipimarangi cha skrini utengeneze profaili ya skrini yako yenyewe.

Na kama kuna anayetumia Windows Photo Viewer ya zamani, akaambiwa picha haiwezi kuonyeshwa kwa sababu kumbukumbu haitoshi, asikimbilie kuongeza RAM. Mara nyingi chanzo ni profaili hii hii ya rangi, na dawa ni hiyo hiyo.

Rangi_Tupu

Nyeupe imerudi kuwa nyeupe. Dada Siti, umenitua mzigo. Sasa zimebaki picha za mteja.

Siti_wa_Kodi

Jina la faili halithibitishi kilichomo ndani. Fungua PowerShell kwenye folda ya picha hizo, andika:

Format-Hex picha.jpg | Select-Object -First 1

Uniwekee mstari utakaotoka. JPEG ya kweli inaanza na FF D8 FF. PNG inaanza na 89 50 4E 47. WebP inaanza na 52 49 46 46.

Rangi_Tupu

Imetoka hivi: 00 00 00 28 66 74 79 70 68 65 69 63

Siti_wa_Kodi

Ruka nne za mwanzo. 66 74 79 70 zinasomeka "ftyp", na 68 65 69 63 zinasomeka "heic". Hizo ni HEIC, muundo ambao iPhone zimekuwa zikitumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Mtu amezibadilisha jina zikawa .jpg akidhani amezigeuza. Picha zenyewe hazijapotea.

Zirudishie .heic mwishoni. Kisha ama uweke HEIF Image Extensions pamoja na HEVC Video Extensions kutoka Microsoft Store ili Photos izifungue, ama uzifungue kwa GIMP, ambayo ni ya bure, na uzitoe upya kama JPEG. Fanya hivyo kwenye nakala, zile za asili uziache zilivyo.

Ukikutana na JPEG iliyo nzima juu na ya kijivu chini, hiyo ni kesi nyingine. Faili limekatika njiani na hakuna kodeki (programu ya kusoma muundo wa picha) itakayorudisha kisichokuwepo. Muombe mteja alitume tena, safari hii ndani ya zip.

Nanga

Mimi niko Linux, Blender inafunguka lakini ni nzito ajabu, kugeuza kitu kimoja inachukua muda.

Fundi_Pole

Weka kifurushi cha mesa-utils, andika glxinfo -B, usome mstari wa OpenGL renderer. Ukiona llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo inayochora kila kitu na kadi haishiriki.

Nanga

Ni llvmpipe kweli. Draiva ya NVIDIA niliiweka na haikutoa kosa lolote.

Fundi_Pole

Andika mokutil --sb-state. Ikijibu kwamba SecureBoot (ulinzi wa kuwasha kompyuta unaokubali programu zenye sahihi tu) imewashwa, kerneli, yaani kiini cha Linux, inaikataa draiva hiyo kwa sababu haina sahihi inayotambulika, na inaikataa kimyakimya. Sajili ufunguo wa draiva kwa sudo mokutil --import, ukiipa njia ya faili la ufunguo. Itakuomba nywila ya muda. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu kabla Linux haijaanza: chagua Enroll MOK na uingize nywila ile ile. Skrini hiyo haikai muda mrefu, kwa hiyo usiondoke mbele ya kompyuta. Ikishaanza, rudia glxinfo -B na uniwekee mstari ule ule.